Jinsi Vichocheo Visafishavyo Hewa Itokayo Viwandani

Katika kurasa hizi za Kiswahili tumezoea kusoma habari za michezo, safari na mashairi. Leo naomba tusome habari ya kemia, kwa sababu ni habari ya hewa. Mtu aweza kuchagua chakula chake na maji yake, lakini hewa hana hiari nayo: huvuta ile iliyopo.

HARUFU NI KITU

Kila mtu aliyewahi kufungua kopo la rangi ya mafuta chumbani aijua harufu yake. Iko pia harufu ya petroli, ya gundi ya fundi viatu, ya vanishi ya seremala na ya wino wa mitambo ya kuchapa. Watu wengi hudhani kwamba harufu ni jambo la pua tu, kama vile kivuli kisivyo na uzito. Sivyo. Harufu ni kitu chenyewe. Vanishi ikikauka juu ya meza, ule umajimaji wake haukupotea. Umegeuka mvuke na kuingia hewani, na sehemu yake imeingia katika mapafu ya fundi.

Vitu hivyo ni kampaundi za kaboni zigeukazo mvuke upesi. Kwa ufupi tutaziita "mivuke ya kaboni". Baadhi yake ni tolueni na zaileni zilizomo katika vimiminiko vya kuzimulia rangi, asetoni ya kuondolea rangi ya kucha, ethanoli iliyomo katika spiriti, na benzeni iliyomo kidogo katika petroli. Ubaya wake haulingani. Ethanoli hewani ina madhara machache. Tolueni huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na mtu aivutaye sana kwa muda mrefu huharibika ubongo. Benzeni ni mbaya kuliko hizo, maana imethibitishwa kwamba huleta saratani ya damu kwa watu walioivuta kazini.

MAFUNZO YA LOS ANGELES

Madhara ya mivuke hii hayaishii katika chumba cha kazi. Mwezi wa Julai 1943, vita vikuu vikiendelea, watu wa mji wa Los Angeles, Marekani, walifunikwa na ukungu mzito uliowachoma macho na koo. Wengine walidhani kwamba adui amewatupia gesi ya sumu. Kisha lawama ikaangukia kiwanda kimoja kilichotengeneza butadieni, kitu kitumikacho kufanyizia mpira wa viwandani. Kazi ya kiwanda hicho ilisimamishwa, lakini ukungu ukarudi vilevile.

Aliyefumbua fumbo hilo ni Arie Haagen-Smit, mwanakemia mzaliwa wa Uholanzi, aliyekuwa akifundisha Pasadena, karibu na mji huo. Kabla ya hapo alikuwa akichunguza vitu vinavyoipa nanasi harufu yake. Maarifa yaleyale ya kunasa harufu ya nanasi akayatumia kunasa uchafu wa hewa ya mji. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alionyesha kwamba mivuke ya kaboni itokayo katika magari, matangi ya mafuta na viwanda, ikikutana na oksaidi za naitrojeni chini ya jua kali, hufanya gesi iitwayo ozoni. Ozoni iliyo juu sana angani hutukinga na miali mikali ya jua. Lakini ozoni iliyo chini, tunapoishi, huumiza mapafu, hupasua mpira, na hudhoofisha mimea kama maharagwe.

Tuangalie neno moja hapa. Kilichowachoma watu macho hakikutoka moja kwa moja katika bomba la mtu yeyote. Kilitengenezwa hewani na jua. Sisi tuishio karibu na ikweta hatuna upungufu wa jua. Magari na viwanda vikizidi mijini kwetu, jua litafanya kazi ileile lililoifanya kule.

JE, TUREFUSHE DOHANI?

Mtu aweza kusema, "Kama mvuke ni mbaya, basi tujenge dohani ndefu, upepo uuchukue." Neno hili lafanana na lile la mtu afagiaye nyumba yake na kusukumia takataka uani kwa jirani. Dohani ndefu haipunguzi hata gramu moja ya tolueni. Huihamisha tu.

Dawa ya kweli ni kuugeuza mvuke uwe kitu kingine. Tolueni, kwa mfano, imefanywa kwa kaboni na haidrojeni tu. Ikiungana kabisa na oksijeni hutoa kaboni dioksaidi na maji:

C7H8 + 9O2 → 7CO2 + 4H2O

Yaani gramu 92 za tolueni huungana na gramu 288 za oksijeni, na kutoa gramu 308 za kaboni dioksaidi na gramu 72 za maji. Jumlisha kila upande utapata 380. Hakuna kilichopotea, ila sumu haipo tena.

Basi kwa nini viwanda vyote visichome mivuke yao? Shida ni moto wenyewe. Hewa itokayo katika chumba cha kupaka rangi huwa na mvuke kidogo sana, labda gramu moja au mbili katika mita moja ya ujazo. Ukiiwashia kiberiti haiwaki. Wahenga walisema, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo," na hapa kinga ziko mbalimbali mno. Ili mvuke mchache hivyo uungue wote bila msaada, yakupasa kuipasha hewa yote moto kufikia digrii 700 au 800 za Sentigredi, na pengine zaidi. Mafuta yatakayotumika kwa kazi hiyo ni mengi, na mwenye kiwanda atalalamika. Hapo ndipo kichocheo kinapoitwa.

KICHOCHEO NI NINI?

Kichocheo ni kitu kiharakishacho badiliko la kikemia, na badiliko likiisha chenyewe kimebaki kama kilivyokuwa. Fikiri vijiji viwili vilivyotengwa na mlima. Watu wa kijiji cha juu wataka kuhamia cha bondeni, lakini njia waijuayo yapita kileleni, na wachache tu wana nguvu za kufika. Akatokea mwenyeji akawaonyesha njia nyingine ipitayo katika pengo lililo chini zaidi. Sasa wengi huvuka, hata wasio na nguvu nyingi. Yule mwenyeji hakusogeza vijiji wala hakumbeba mtu. Alionyesha njia tu, na kesho ataionyesha tena kwa wengine. Ndivyo kifanyavyo kichocheo. Molekuli ya tolueni na oksijeni hushika juu ya uso wake, vifungo vya atomu hulegea, muungano hufanyika, na kaboni dioksaidi na maji huondoka. Nafasi hubaki wazi kwa wageni wengine.

Jambo hili lilijulikana zamani. Mwaka 1817 Humphry Davy wa Uingereza aligundua kwamba waya wa platini uliopashwa moto, ukitiwa katika mchanganyiko wa hewa na mvuke wa etha au wa spiriti, huendelea kung'aa kwa joto ingawa hapana mwali wa moto. Mvuke ulikuwa ukiungua juu ya waya bila kuwaka. Mwaka 1823 Döbereiner wa Ujerumani alitengeneza taa iliyowashwa kwa haidrojeni na platini, pasipo kiberiti. Na mwaka 1835 Berzelius wa Uswidi ndiye aliyeipa kazi hii ya vichocheo jina linalotumika duniani hata leo.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Wamarekani walichanganya oksaidi ya manganizi na oksaidi ya shaba wakapata kichocheo cha kutia katika barakoa. Kazi yake ilikuwa kugeuza kaboni monoksaidi, gesi iuayo bila harufu, iwe kaboni dioksaidi kabla haijafika puani.

Baadaye akaja Eugène Houdry, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1892. Yeye alipata sifa kwanza kwa kutumia vichocheo kuvunja mafuta mazito yawe petroli. Mtambo wake mkubwa ulianza kazi Marcus Hook, Marekani, mwaka 1937. Alipoona jinsi hewa ya miji ilivyochafuka, yeye aliyesaidia kuongeza petroli duniani akageukia kazi ya kusafisha moshi wake, na karibu na mwaka 1950 akaanzisha kampuni kwa ajili hiyo. Alifariki mwaka 1962, kabla vichocheo havijawa kitu cha kawaida katika magari.

JARIBIO LA DARASANI

Asiyeamini na aone kwa macho. Mwombe mwalimu wa sayansi asimamie jaribio hili. Tia katika bilauri haidrojeni peroksaidi hafifu, ile ya duka la dawa isafishiayo vidonda. Ikitazamwa, imetulia tu. Sasa tia ncha ya kijiko ya oksaidi nyeusi ya manganizi kutoka maabara. Papo hapo mapovu hutoka kwa wingi. Hayo ni oksijeni. Kijinga cha moto kilichozimika mwali lakini bado chekundu, kikiletwa mdomoni mwa bilauri, huwaka tena. Mapovu yakiisha, chuja ule unga mweusi, ukaushe na uupime: uzito ni uleule. Uutie katika peroksaidi mpya, nao utafanya kazi tena.

Oksaidi hiyohiyo ya manganizi ni mojawapo ya zile zitumikazo viwandani kuunguza mivuke ya kaboni.

MTAMBO ULIVYO

Mtambo wa kusafishia hewa kiwandani una sehemu nne. Ya kwanza ni mabomba na feni ya kuvuta hewa yenye mvuke pale inapotoka. Ya pili ni chujio la kuzuia vumbi na matone ya rangi. Ya tatu ni kipasha moto, cha kuifikisha hewa kwenye joto ambalo kichocheo huanza kazi, mara nyingi kati ya digrii 250 na 450. Ya nne ni kichocheo chenyewe.

Kichocheo hakiwekwi kama bonge la madini. Kazi yote hufanyika juu ya uso, basi kitu cha maana ni uso kuwa mkubwa. Kwa hiyo hutengenezwa kigae chenye vijitundu vingi vilivyonyooka, mfano wa sega la nyuki. Ndani ya vijitundu hupakwa alumina, ambayo ina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na juu ya alumina hunyunyizwa chembe ndogo mno za platini au paladi. Ndiyo sababu madini ya thamani kubwa yaweza kutumika: huhitajiwa kidogo tu.

HESABU YA MAFUTA

Tuseme kiwanda kinatoa mita 10,000 za ujazo za hewa kwa saa, na kila mita ina gramu 2 za tolueni. Hizo ni kilo 20 kwa saa. Kwa siku ya kazi ya saa 8 ni kilo 160. Mtambo ukiondoa sehemu 95 katika 100, zitabaki kilo 8 kwa siku badala ya 160.

Sasa tazama joto. Hewa iko digrii 30, na kichocheo kinataka 300. Yatupasa kuongeza 270. Lakini mvuke wenyewe ni mafuta. Kila gramu ya tolueni katika mita ya ujazo, ikiungua, hupandisha joto la hewa hiyo kwa digrii 30 hivi. Gramu 2 zitaongeza 60, na hewa itatoka katika kichocheo ikiwa karibu na digrii 360. Tukiipitisha kando ya hewa iingiayo, zikiwa zimetengwa na mabati membamba, hewa ya moto itaipasha ile ya baridi. Kama sehemu 7 katika 10 za tofauti ya joto zikirudishwa, hewa iingiayo itafika digrii 261 kabla ya kutumia tone moja la mafuta. Zimebaki digrii 39 tu. Tulihitaji 270, sasa twahitaji 39: mafuta yamepungua kufikia kama sehemu moja ya saba. Linganisha na digrii 800 za kuchoma bila kichocheo!

Msomaji mwerevu atauliza, "Basi tuongeze mvuke ili tusitumie mafuta kabisa?" La, hiyo ni hatari. Tolueni ikifika karibu gramu 40 katika mita ya ujazo, hewa yaweza kulipuka kwa cheche moja. Kanuni ya kawaida ya usalama ni kutopita robo ya kiasi hicho.

ADUI ZA KICHOCHEO

Tulisema kichocheo hakiliwi na kazi yake. Hata hivyo chaweza kufa. Adui wa kwanza ni sumu zinazong'ang'ania uso wake na kuwanyima wengine nafasi: risasi, fosforasi, aseniki, na silikoni itokayo katika baadhi ya gundi na mafuta ya kulainishia. Adui wa pili ni vumbi na lami vinavyofunika vijitundu. Wa tatu ni joto la kupita kiasi, ambalo huzifanya chembe ndogo za platini zikutane na kuwa kubwa. Uzito wake ni uleule, lakini uso umepungua.

Mfano mkubwa ni wa petroli. Tangu mwaka 1923 risasi ilitiwa katika petroli ili injini zisigonge. Marekani ilipotaka magari mapya ya mwaka 1975 yawe na vichocheo, ilibidi iuzwe petroli isiyo na risasi, maana risasi huua kichocheo. Ikawa faida mara mbili, kwa kuwa risasi yenyewe hudhuru akili za watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia mwanzo wa 2006, na mwaka 2021 Algeria ikawa ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ya barabarani.

YALE AMBAYO KICHOCHEO HAKIWEZI

Si vema kusifu dawa bila kutaja mipaka yake. Kwanza, kichocheo husafisha hewa iliyofika kwake tu. Kama feni haivuti, mvuke utabaki chumbani, na mtu wa kwanza kuusafisha kwa mapafu yake ni mfanyakazi. Mtambo mzuri juu ya paa haumwokoi mchapaji asimamaye katikati ya harufu.

Pili, kaboni dioksaidi hutoka. Katika hesabu yetu kilo 19 za tolueni ziunguazo kila saa hutoa karibu kilo 64 za gesi hiyo, ambayo huongeza joto la dunia. Ni afadhali kuliko sumu, lakini si bure.

Tatu, mivuke yenye klorini hutoa asidi ya haidrokloriki ikiungua, nayo hutaka kuoshwa kwa maji yenye chokaa au magadi kabla ya kutoka nje.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza mvuke wenyewe. Rangi ya kuchanganywa na maji ikifaa, itumike badala ya ile ya mafuta. Makopo yafunikwe. Matambara yenye spiriti yasitupwe wazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kifuniko cha kopo ni rahisi kuliko kichocheo.

NENO KWETU SISI

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri, na kwamba sisi tutafute viwanda kwanza, kisha tusafishe. Mimi naona kinyume chake. Platini nyingi kuliko ya nchi yoyote huchimbwa Afrika Kusini, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo. Na oksaidi ya kobalti nayo ni kichocheo kizuri cha kazi hii. Madini ya kusafishia hewa ya wengine yatoka katika ardhi ya bara letu. Yasikitisha basi kuona baadhi ya magari yaliyokwisha tumika yakiletwa kwetu hali vichocheo vyake vimeng'olewa na kuuzwa kwa ajili ya madini hayo.

Tena, kuweka mtambo wakati kiwanda kinajengwa ni rahisi kuliko kubomoa ukuta baadaye. Na maradhi ya mfanyakazi hayaandikwi katika daftari la hesabu la kiwanda, ila hulipwa na nyumba yake. Ninyi kaka zetu mlio wasimamizi, wakaguzi, wahandisi au mafundi, swali la kuuliza ni fupi: "Mvuke huu waenda wapi?" Mkijibiwa, "Waenda nje," jueni kwamba jibu halijakamilika. Nje kuna watu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini dohani ndefu haipunguzi uchafu wa hewa?
2. Andika mlinganyo wa kuungua kwa ethanoli, C2H5OH. Gramu 46 za ethanoli hutoa gramu ngapi za kaboni dioksaidi?
3. Kiwanda kinatoa mita 5,000 za ujazo kwa saa, zenye gramu 3 za tolueni kila mita. Mtambo waondoa sehemu 95 katika 100. Ni gramu ngapi zitokazo nje kwa saa?
4. Eleza kwa nini kichocheo kilichopata joto kali mno hupungua nguvu ingawa uzito wake haukubadilika.

Majibu ya hesabu: swali la 2, gramu 88, swali la 3, gramu 750.

— Mwanafunzi wa Kidato cha Sita, Sayansi